Pikipiki inayumba nikimbeba mke wangu: ninunue shoku mpya?

Habari yako fundi,

Mimi ni mwalimu hapa Nakuru. Mwaka jana nilitimiza ndoto ya siku nyingi, nikanunua pikipiki ya safari ndefu, Honda Pan European ya 1998, ile ya silinda nne isiyotumia mnyororo. Mwenyewe aliitoa Uingereza zamani, kwa hivyo dashibodi inasoma maili, na sasa imepita maili elfu sitini. Injini haina neno. Shida ni jinsi inavyokaa barabarani.

Kila likizo tunaenda kwa wakwe zangu Kisumu kupitia Mau Summit na Kericho. Nikiwa peke yangu naenda vizuri. Lakini nikimbeba mama watoto, na masanduku yote matatu yamejaa, tukifika tambarare ile ya Ahero na Awasi, nikikaribia kilomita 100 kwa saa, pikipiki nzima inaanza kuyumba polepole, kulia, kushoto, kulia, kushoto. Nikipunguza mwendo inatulia. Huwa mbaya zaidi tukirudi, maana Ahero lazima tununue mchele, kama kilo 20 hivi, na tunauweka kwenye sanduku la nyuma. Mke wangu amesema safari ijayo atapanda matatu.

Jambo la pili, nikiacha mwendo ushuke wenyewe kutoka kilomita 80 kwa saa kuja 60, halafu nitoe mkono mmoja nirekebishe helmeti, hendeli ilikuwa inatetemeka haraka haraka. Fundi mmoja hapa mjini akakaza nati ya shingo ya hendeli. Kutetemeka kukaisha. Lakini tangu siku hiyo, nikienda polepole mjini pikipiki inatembea kama mlevi, na nikitoka kwenye raundabauti hendeli haitaki kurudi katikati yenyewe. Huko Awasi nako kuyumba kumezidi.

Pia nikipita matuta nasikia "tak" mbele, kabla ya kukazwa na hata sasa. Na usiku, tukiwa wawili, magari yanayokuja yananimulikia taa kali kana kwamba nimewasha taa kubwa, na sijawasha.

Matairi hayana shida, bado yana meno, ni yale yale niliyouziwa nayo. Yule fundi anasema shoku ya nyuma imekufa na ana nyingine iliyotumika, anataka elfu 35. Binamu yangu wa Eldoret anasema niweke kile kishoku kidogo cha kuzuia hendeli isitetemeke. Nianze na kipi?

Mwalimu, Nakuru

*

Mwalimu, hizo elfu 35 zikae mfukoni kwanza. Shoku ya nyuma huenda imechoka kweli, na kwa umri wa pikipiki yako sitashangaa, lakini hakuna aliyeipima, na barua yako imejaa dalili zinazoelekeza kwingine. Wewe unaona tatizo moja lenye sura nyingi. Mimi nasoma matatizo matatu, na moja kati ya hayo hukuwa nalo mpaka spana ya fundi ilipogusa shingo.

Nitaanza na hilo kwa sababu ndilo la hatari leo. Usimbebe shemeji mpaka lirekebishwe.

Gurudumu la mbele la pikipiki haliendi mstari mnyoofu hata ukiliona hivyo. Muda wote linajipinda kidogo huku, kidogo kule, na ndivyo pikipiki inavyojisimamisha wima bila wewe kufanya lolote. Kazi hiyo inataka shingo inayozunguka bila kizuizi. Shingo ikikazwa kupita kiasi, hendeli inabaki pale ulipoiacha, pikipiki inaanza kulalia upande, wewe unaishtukia na kuirudisha kwa mikono, umeshachelewa, inavuka kwenda upande wa pili. Huo ndio ulevi wako wa mjini. Na kama kulikuwa na kuyumba kwingine kwenye mwendo wa kasi, shingo iliyobanwa huongeza kuyumba huko badala ya kupunguza. Ndiyo maana Awasi imekuwa mbaya zaidi baada ya matengenezo.

Kuhakikisha si kazi ngumu. Isimamishe pikipiki kwenye stendi kubwa ya katikati, mtu mzito akandamize nyuma kabisa mpaka gurudumu la mbele lielee. Weka hendeli katikati, iguse kwa kidole kimoja tu. Inatakiwa ianguke yenyewe mpaka mwisho, upande wowote utakaoigusia. Ikisimama njiani, imebanwa. Sasa ishike kwa vidole viwili uizungushe polepole sana kupita katikati, ukisikilizia kwa vidole. Ukihisi kuna mahali hapo kati inapotaka kutulia, kama imeingia kijishimo, basi beringi za shingo zimechimba vikombe vyake. Hilo ni jambo la kawaida kwa pikipiki ya umri huo, kwa sababu imepigwa na barabara miaka yote hendeli ikiwa imeelekea mbele, na grisi imekauka au imeoshwa na maji. Hakuna kukaza kunakotibu kijishimo. Zinabadilishwa beringi za juu na za chini pamoja na vikombe vyote. Atakayekuambia abadilishe beringi na kuacha vikombe vya zamani, mshukuru na uondoke.

Kama kijishimo hakipo, una bahati, ni kulegeza na kukaza upya kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki. Mafundi makini hufunga mizani ya springi kwenye mguu wa shoku ya mbele na kuangalia ni nguvu kiasi gani inayoanza kuizungusha hendeli. Hisia ya mkono peke yake haitoshi, hasa mkono uliozoea pikipiki za boda zisizofika nusu ya uzito wa hiyo yako.

Sasa utaniuliza, mbona kutetemeka kuliisha? Kwa sababu shingo iliyobanwa inaficha kutetemeka huko. Chanzo kipo pale pale. Na kishoku kidogo anachokisifu binamu kingefanya kazi hiyo hiyo kwa bei kubwa zaidi. Kina mahali pake, lakini si kwenye pikipiki ambayo bado haijajulikana inaumwa nini.

Hendeli inayotetemeka haraka, kati ya 80 na 60, mwendo ukishuka na mkono ukiwa umeachia: hapo mshukiwa wangu wa kwanza ni tairi la mbele, wa pili ni shingo iliyokuwa imelegea. Huenda ni wote wawili. Na hapa ndipo sikubaliani nawe, Mwalimu. "Bado yana meno" haitoshi. Meno ni ya kufukuza maji. Kinachoamua pikipiki itakaaje barabarani ni umbo la tairi, umri wake na upepo uliomo.

Umri umeandikwa ubavuni. Tafuta herufi DOT, ufuate mpaka mwisho, utakuta tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. 2512, kwa mfano, ni wiki ya 25 ya mwaka 2012. Wakati mwingine zipo ubavu wa pili, kwa hivyo angalia pande zote. Likipita miaka kumi, litoe hata kama linang'aa, kwa sababu mpira umeshakuwa mgumu. Likipita mitano, likague kila mwaka kama lina nyufa.

Umbo lisome kwa kiganja, injini ikiwa imezimwa. Pitisha mkono juu ya meno kuelekea mbele, kisha kurudi nyuma. Ukihisi laini upande mmoja na makali upande wa pili, tairi limeliwa kwa vidato, na tairi la mbele lililoliwa hivyo ni mama wa hendeli zinazotetemeka. La nyuma liangalie ukiwa umechuchumaa nyuma ya pikipiki. Linatakiwa liwe na mviringo mzuri kutoka ukingo hadi ukingo. Pikipiki za safari zinazokula lami iliyonyooka huchonga katikati mpaka panakuwa bapa, na hapo kila ukilaza pikipiki inagoma kidogo halafu inaanguka ghafla upande mmoja. Tairi bapa lenye abiria na mizigo juu yake ni sababu inayotosha kabisa ya kuyumba mwili mzima kwa mwendo wa kasi.

Ukibadilisha, badilisha yote mawili, aina moja, ya lami, kwa saizi iliyoandikwa kwenye kitabu. La mbele ni la rimu ya inchi 18 na la nyuma 17, na yana uwezo wa uzito na kasi ambao tairi la boda halina hata likiingia. Hakikisha yamewekewa uzani wa kusawazisha. Wakati magurudumu yako chini, ingiza kidole kwenye beringi za kila gurudumu uzungushe. Zikikwaruza, zitoke siku hiyo hiyo, si ghali.

Upepo: kwa hiyo Pan European ni PSI 36 mbele na 42 nyuma, matairi yakiwa baridi, kabla hujatoka nyumbani. Linganisha na kibandiko kilichoko kwenye pikipiki. Nyuma ikiwa na 30 na watu wawili juu, itayumba hata ingekuwa imetoka kiwandani jana. Nunua kipimo chako mwenyewe, maana vile vya vituo vya mafuta vimeangushwa chini mara nyingi mno. Na usishangae kipimo hicho hicho kikikupa namba tofauti kidogo ukifika kwa wakwe. Nakuru iko mita zaidi ya 1,800 juu ya usawa wa bahari na Kisumu kama 1,100, kwa hivyo hewa ya nje ni nzito zaidi kule na kipimo kinasoma pungufu kwa PSI moja hivi, kisha joto la ziwani linairudisha. Usitoe wala usiongeze kwa ajili hiyo.

Tuje kwenye jambo lako la tatu, ambalo wewe uliliandika kama la pembeni na mimi nikalipigia mstari: magari yanayokumulikia usiku mkiwa wawili. Hawana ugomvi nawe. Taa yako inawapiga machoni kwa sababu nyuma ya pikipiki imezama na pua imeinuka. Nyuma ikizama, miguu ya shoku za mbele inalala zaidi, uzito unaondoka kwenye gurudumu la mbele, na kwenye kona pikipiki inataka kwenda nje. Gurudumu la mbele lililopunguziwa uzito halishiki mstari vizuri. Hiyo ndiyo picha kamili ya Awasi, bila hata kuitaja shoku iliyokufa.

Pikipiki hiyo ina kirekebisho cha mkazo wa springi ya nyuma, kitasa cha kuzungusha au pete yenye meno kutegemea toleo. Nina hakika tangu uinunue hukukigusa, na aliyekuuzia huenda alikuwa akienda peke yake. Chukua futi ya fundi cherehani. Pikipiki ikiwa juu ya stendi kubwa, gurudumu la nyuma likielea, pima kutoka katikati ya ekseli kwenda juu mpaka alama yoyote utakayoweka kwenye bodi, wima. Kisha iteremshe, wewe na shemeji mkae na nguo zenu za safari, masanduku yamejazwa, mtu mwingine apime pale pale. Tofauti ya milimita 30 hadi 40 ni nzuri. Ikiwa ni 60, ongeza mkazo na upime tena. Kukaza hakuifanyi springi kuwa ngumu zaidi, kunairudisha pikipiki kwenye kimo chake tu. Ukifika mwisho wa kirekebisho na bado imezama sana, ama springi imechoka ama mnabeba kupita uzito ulioandikwa kwenye kitabu. Mkishafikia kimo sahihi, ndipo urekebishe taa. Ukirudi kwenda peke yako, punguza mkazo, la sivyo itakupiga mgongo hadi Molo.

Shoku yenyewe inapimwa hivi. Ukiwa umesimama kando, kandamiza mkia kwa nguvu mara moja uachie. Iinuke na itulie. Ikiendelea kupanda na kushuka, mafuta ya ndani hayazuii tena springi, na hapo fundi wako atakuwa amesema kweli. Angalia pia kama kuna mafuta yaliyochuruzika na kushika vumbi kwenye fimbo yake. Lakini hata ikifeli, sinunui ile iliyotumika. Itakuwa na umri sawa na hiyo yako, na hakuna atakayekuonyesha inafanya kazi kabla hujalipa. Agiza mpya iliyotengenezwa kwa modeli hiyo, au peleka hiyo yako kwa mtu mwenye vifaa vya kujaza gesi. Na asije mtu akaikata kwa msumeno kuona ndani. Shoku nyingi za namna hiyo zina nitrojeni iliyobanwa kwa presha kubwa.

Ukiwa bado uko nyuma, pikipiki ikiwa juu ya stendi kubwa, shika gurudumu kwa mikono miwili uvute kulia na kushoto. Mchezo wowote unaousikia unatoka ama kwenye beringi za gurudumu ama kwenye beringi za mkono unaolishika. Mtu wa pili aweke kidole kwenye maungio ya mkono huo na fremu, atakuambia ni wapi. Mkono uliolegea huyumbisha pikipiki kubwa kuliko watu wanavyofikiri, na hausikiki ukiwa peke yako na mwendo mdogo.

Kuhusu ule mchele. Sanduku la nyuma liko nyuma ya ekseli na juu, kwa hivyo kila kilo ndani yake inainua gurudumu la mbele na kuvuta mkia upande upande. Masanduku mengi ya namna hiyo yana kibandiko ndani kinachokataza kuzidi kilo 10, na mengine hayataki hata hizo. Wewe unaweka 20. Gawa mchele kwenye masanduku ya pembeni, kilo sawa kila upande, chini kabisa na karibu na miguu ya abiria, na la nyuma libaki na makoti na mkate. Kama bado hautoshi, basi utumwe na matatu aliyotaka kupanda shemeji.

Fanya hayo kwa mpangilio, kwa sababu ukibadilisha vitu vitatu siku moja hutajua ni kipi kilichotibu. Shingo kwanza. Kisha matairi na upepo, halafu kimo cha nyuma na mizigo. Baada ya kila hatua nenda barabara ile ile unayoijua, ukiwa peke yako. Usipime kwenye mpando wa Salgaa kuelekea Sachang'wan. Malori huchimba mifereji kwenye lami ya mipando kama huo, na tairi lolote litafuata mfereji na kukudanganya kuwa pikipiki ina shida. Wala usipime kwa kuachia hendeli mikono yote miwili, hata kama rafiki amekwambia ndivyo wanavyofanya. Pale Ahero ng'ombe hawangoji.

Na ikianza kuyumba kabla hujamaliza matengenezo, usikamate hendeli kwa nguvu na usikanyage breki. Legeza viwiko, inama kidogo mbele uzito uende kwenye gurudumu la mbele, punguza mafuta taratibu, iache ipungue yenyewe.

Imebaki ile "tak". Kwa kuwa iliendelea hata baada ya shingo kubanwa, siilaumu shingo. Shika breki ya mbele, sukuma pikipiki mbele na nyuma ukiwa umesimama, mtu aweke kidole pale bomba la ndani la shoku linapoingia kwenye la nje. Akihisi mgongano hapo, bushi za shoku za mbele zimeisha, nazo hubadilishwa pamoja na mafuta na sili kwa kazi moja. Akihisi kitu kwenye kaliper, kile kifaa kinachobana diski ya breki, ni pedi za breki zinazocheza, jambo dogo. Na kama hakuna kinachohisika popote na bado inalia ukipita tuta, kagua skrubu za bodi ya plastiki na kioo cha mbele kabla hujaruhusu mtu afungue shoku. Niandikie utakachokikuta, na useme inalia gurudumu likipanda tuta au likishuka.